Bomba Lililobaki Ukutani

Tangi lilitoka, bomba likabaki. Hilo ndilo lililomnyima Exilda raha, na kila alipolitaja watu walimwona mjane aliyekosa la kufanya.

Tangi lenyewe lilikuwa limechoka. Lilikaa katika chumba cha chini ya nyumba tangu mumewe, marehemu Rosaire, yu kijana, likilisha tanuri la kupashia nyumba joto, mpaka tumbo lake likaanza kutoa jasho la mafuta. Na kule chini ndiko kiliko kisima. Wazee wa bonde lile walijenga nyumba juu ya visima vyao ili mtu asihangaike na theluji akitaka maji. Mafuta yakimwagika kwenye sakafu ile ya udongo, hayana pa kwenda ila kisimani, na nyumba iliyonuka mafuta mpaka kwenye mbao hailaliki tena. Corinne, binti yake, alikuwa anarudi na mtoto mchanga kuja kuishi humo. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Basi shemeji yake Hervé, mdogo wa marehemu, akaifanya kazi. Tangi jipya akaliweka nje, nyuma ya banda, na bomba lake jipya. Lile kuukuu akalikata vipande akalitoa. Lakini ukutani, chini ya dirisha la jikoni, akaacha mabomba mawili ya zamani, moja la kujazia mafuta na moja la kutolea hewa. Kwa nje ungesema tangi bado lipo. Kwa ndani yaliishia hewani, juu ya udongo mtupu.

"Na hayo je?" aliuliza Exilda.

"Nitayang'oa theluji ikiyeyuka, shemeji. Saruji haishiki kwenye baridi hii."

"Na mtu wa mafuta akija?"

"Si ulipiga simu ofisini kwao?"

"Nilipiga."

"Basi. Tena hata akikosea, kuna filimbi. Mtu wa mafuta hajazi kwa macho, anajaza kwa masikio. Mafuta yakiingia tangini, hewa inatoka kwenye lile bomba la pili inapiga filimbi. Ikinyamaza, tangi limejaa. Asipoisikia kabisa, anafunga mpira palepale. Sasa hapa tangi hakuna, filimbi ataipiga nani? Mzimu wa kaka?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Hervé."

"Ukianza na methali, shemeji, najua chai leo hakuna."

Akacheka, naye Exilda akacheka. Hervé alikuwa na ulimi wa asali, na watu wa namna ile husamehewa kabla hawajakosa. Wallahi, hasara nyingi za dunia hii huanzia hapo.

Hata hivyo Exilda hakutulia. Alichukua kitambaa chekundu akakifunga kwenye mdomo wa bomba, fundo juu ya fundo, ili mgeni akikiona asimame aulize. Hervé alipokiona alisema bomba limevishwa kilemba, sasa limebaki kuozwa. Exilda hakumjali. Kila asubuhi alitoka kukitazama.

Siku ya Corinne kufika hakutoka. Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha, na asubuhi kazi zilimzidi. Kulikuwa na kuku wa mchuzi wa kupika, na ploye, zile chapati nyembamba ambazo Corinne hali kuku bila hizo. Jiko la kuni liliwaka mpaka jikoni pakawa hapakaliki, akafungua dirisha kidogo. Akateleka birika la chai, lile linalopiga mluzi maji yakichemka, akapanda juu kutandika kitanda cha mzazi.

Akiwa huko alisikia gari kubwa likinguruma nje. Hervé alikuwa ameahidi kuja kusukuma theluji ili gari la Corinne lipite. Leo katimiza ahadi, aliwaza, na moyo ukamlainika.

Birika likaanza kulia. Alitaka kushuka, lakini shuka ilikuwa ndogo, akivuta pembe hii ile inachomoka. Liache lilie, alijiambia, nani amewahi kufa kwa birika? Akakunja nepi, akapanga kitanda cha mtoto, akaimba kidogo. Birika lililia tu.

Alipokwenda kufunga pazia ndipo alipokiona kitambaa chekundu, kimenasa kwenye uzio ng'ambo ya barabara. Na lile gari lilikuwa halisogei. Mtu anayesukuma theluji huenda mbele na kurudi nyuma. Hili lilinguruma pale pale, chini ya dirisha la jikoni.

Alishuka ngazi akijishikilia ukutani. Jikoni mluzi ulikuwa unapasua masikio, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaanza na birika. Akalisogeza pembeni. Likanyamaza.

Nje, pampu ya gari nayo ikanyamaza.

Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamume wa makamo, kofia imemfunika masikio, uso asiowahi kuuona.

"Habari za asubuhi, mama. Mimi ndiye dereva mpya wa mafuta. Ofisini wamesema kwako bado mpaka mwisho wa mwezi, nikasema na baridi hii? Nikaona nikupitie."

"Umejaza wapi?"

"Hapo chini ya dirisha. Lilikuwa tupu kweli, mama. Limekunywa na kukunywa. Nimesikiliza filimbi kama tulivyofundishwa, iliponyamaza tu nikafunga."

Exilda alilitazama birika, lililokuwa bado linatoa mvuke. Dereva naye akalitazama, kisha akalitazama dirisha lililo wazi. Akavua kofia taratibu. Harufu ilikuwa imeshaanza kupanda kati ya mbao za sakafu.

"Mama," alisema, "niambie kuna tangi kule chini."

Exilda alitaka kumtukana, akakosa tusi. Angetukana nani, naye ndiye aliyeacha birika lilie?

Honi ikalia barabarani. Punde Corinne akaingia, mashavu mekundu kwa baridi, mtoto kifuani.

"Njia nzima nawaza chai yako tu, mama. Mbona pananuka mafuta? Hebu nishikie huyu nimvue koti."

Exilda akampokea mjukuu wake, akamfunga vizuri kofia yake ndogo.

"Usimvue, mwanangu," alisema. "Hatukai."