Maneno ya Chef, Mara ya Pili

Nianze na kosa yangu mi mwenyewe. Hii habari nilikuwaka naielezea mu bar, hapa Manika, sawa kichekesho, juu ya ile jogoo, na bantu banacheka mpaka pombe inamwangika. Siku moya mama moya alikuwa anasikiliza, hakucheka. Aliniuliza paka neno moya tu: "Na ule mama mwenyewe, alicheka?" Basi leo naianza upya, na jogoo itangoja zamu yake.

Mama Mianda alikuwaka anatumika ku kampani moya ya shaba, mu Kolwezi, ile miaka ya Zaïre yenye kila muntu aliitwa citoyen, mwanainchi, ata mwizi. Kampani ilikuwa na mashini ya kuhesabu, kubwa sawa nyumba ya vyumba mbili. Climatiseur ilikuwa inaipulizia baridi usiku na muchana, wakati siye bantu tunalala na joto yetu. Ile mashini haikujua kusoma mwandiko ya muntu. Ilikuwa inasoma matundu. Basi bamama bamoya balikuwa banakaa mu mustari, kila moya mbele ya clavier yake, banatoboa makadi: ta-ta-ta, mpaka mangaribi.

Kadi moya ilikuwa inapigwa mara mbili. Mama mwenzake, Ndaya, anaitoboa, kisha inafika kwa Mianda, naye anapiga maneno yale yale juu ya ile kadi. Kama ya pili inafanana na ya kwanza, kadi inapita. Kama haifanani, clavier inakwama, taa nyekundu inawaka, na hakuna kubishana: kadi inatupwa. Njo ilikuwa kazi ya Mianda, kuverifier. Alikuwa anaifanya vizuri mpaka ku nyumba batoto balikuwa banamwogopa: ukimudanganya asubui, mangaribi anakuuliza tena.

Kisha kampani ikatafuta muntu moya wa kutuma Kinshasa, kusoma kazi ya programmeur. Programmeur njo muntu yenye kuambia mashini ifanye nini. Balifanya examen, banaume na banamuke pamoja. Mianda akakuwa wa kwanza. Wa mwisho kati ya bale balipita, alikuwa Kalombo, shemeji ya chef, kaka ya bibi yake, kijana muzuri, anajua kuvaa.

Chef alikuwa Citoyen Tshimanga, muntu munene, abacost yake, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, inapigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe. Asubui moya, nyuma ya kupandisha drapeau ya inchi na kucheza animation, ile ngoma ya kusifu chama, bantu bangali na jasho, akasema mbele ya bote:

"Citoyenne Mianda, félicitations. Lakini weye uko bibi ya muntu. Kama bwana yako anakuya hapa, yeye mwenyewe, na anasema ndiyo, mi natia signature. Hakuna maneno ingine."

Bantu bakapiga makofi. Chef akacheka mu tumbo yake. Alikuwa anajua mabwana ba Kolwezi.

Lakini hakujua Muamba, bwana ya Mianda. Muamba alikuwa mécanicien wa locomotive ya train kule Tenke, anarudia ku nyumba kila mwisho wa juma. Mianda akamupikia bukari, ugali yetu, na samaki, akangoja anawe mikono, kisha akamuelezea yote, macho chini. Muamba akatafuna pole pole.

"Ile mashini, iko na moteur?"

"Kidogo."

"Na nani anaiambia iende wapi?"

"Programmeur, baba. Njo ile kazi yenyewe."

"Basi wende. Baba yangu alitoka Kasai kufuata shaba ya bengine. Mi nafuata locomotive. Weye ufuate mashini yako."

"Na batoto?"

"Mama iko. Na mi najua kukaanga mayai."

"Mayai yako inanuka graisse ya locomotive, Muamba!"

"Njo yenye itabakomalisha."

Mama ya Muamba, Mama Kabedi, alikuwa anasikia ku mulango. Akaingia na neno moya: "Muntu akikuinulia bibi, hauende kumushukuru mikono mitupu. Ku kwetu haifanyikake." Akafunga jogoo yake miguu, ile kubwa nyekundu.

Haya, jogoo imefika. Juma ilipoanza, Muamba akaingia ku bilo ya chef na jogoo mu kwapa. Jogoo ikasikia ile baridi ya climatiseur, ikafikiri kumekucha, ikawika. Bilo yote ikalala na kicheko. Muamba akangoja banyamaze, akasema: "Citoyen chef, mi njo bwana yake. Nasema ndiyo." Chef akapokea jogoo mikono mbili, akasema aksanti. Muamba akapanda train, akarudi Tenke, roho nyeupe.

Kesho yake bakatangaza jina: Kalombo.

Mianda aliingia kwa chef pasipo kugonga.

"Tata chef, ni namna gani?"

"Mama, tulia. Bwana yenye kuleta jogoo ili bibi yake aende mbali, njo bwana gani? Ao anakufukuza, ao ulimuroga. Kampani haiwezi kutuma bibi wa vile."

"Ulisema kama anakuya kusema ndiyo, unatia signature. Hakuna maneno ingine."

"Mi? Sikusema vile. Nilisema tutaangalia."

"Na jogoo?"

"Jogoo gani?"

Jogoo gani! Jogoo ilikuwa imekulwa mangaribi ile ile, na pilipili, na Kalombo mwenyewe alipewa paja! Muntu anakula jogoo yako, anafuta midomo, anakuuliza jogoo gani. Na kama Muamba angekuwa bwana yenye kukatala, chef angesemaje? Angesema: unaona, bwana amekatala. Ukileta ndiyo, ni kosa. Ukileta hapana, ni sheria.

Mianda akatoka, akasimama katikati ya makadi. Chef akamufuata mpaka ku mulango. Bote balikuwa pale, bale bale ba ku drapeau.

"Chef alisema mara ya kwanza mbele yenu," akasema. "Leo amesema mara ya pili, na haifanani. Mi peke yangu siwezi kuwasha taa nyekundu. Naomba muntu moya arudilie maneno yake ya kwanza. Yaya Ndaya?"

Ndaya akaangalia bidole byake.

"Tata Kisimba? Weye ulipiga makofi kupita bote."

Tata Kisimba akaanza kutafuta kintu chini ya meza. Climatiseur ikaendelea kupuliza.

"Muntu moya tu," Mianda akasema. "Sisemi mugombane naye. Murudilie paka maneno yake tu, sawa tunafanyaka kila siku. Tafazali."