Bonde la Bibi Mwanakheri

Usiku wa jana niliota nimefika kazini bila viatu, na bawabu hakujali viatu. Alitaka mikono. Pale makumbusho ya mji wetu, ninakotengeneza samani za kale, kuna kibao mlangoni: USIGUSE. Katika ndoto kibao kile kilikuwa kimechoka kudharauliwa. Kila anayeingia anavua mikono yake, inatundikwa msumarini kama kanzu. Nami nikavua yangu. Haikuuma.

Ndani, samani zilikuwa zinapiga soga. Kabati la sahani lililalamika kwamba vanishi niliyolipaka inaliwasha. Nikaliomba radhi.

Kisha namwona Bibi Mwanakheri, aliyenilea, aliyefariki mwaka juzi. Amejifunga leso yake ya nyumbani, anahangaika kulala kwenye kitanda chake cha kamba, kile tulichowapa makumbusho baada ya arobaini. Kila akilala anateleza, anaangukia upande wa pili. Anainuka, anajikung'uta, anajaribu tena.

"Mke mwenzangu," akaniambia, kwa utani wake wa bibi na mjukuu, "mbona mmenitandikia ubao?"

Nikamweleza kuwa kamba zake za makumbi zilikuwa zimelegea, katikati pamefanya bonde. Nilizitoa, nikakiwamba upya kwa katani nyeupe, nikakaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Bwana Semkiwa, msimamizi wetu, alinisifu mbele ya wageni.

"Lile bonde lilikuwa mimi," Bibi akasema.

Kitanda kikasema kwa upole kwamba kilijaribu kuniambia siku ile. Ni kweli nilisikia kitu. Nilidhani ni mbao tu zinalia.

"Basi nilegezee kidogo. Fundo liko mchagoni, upande wa kichwa. Nimechoka, Mwanasiti."

Nikataka kulishika, nikakumbuka sina mikono.

Namkimbilia Bwana Semkiwa anirudishie. Lakini makumbusho yamekuwa darasa la nne, lile nililoachia shule, naye yuko ubaoni anafundisha viti vya kale kujumlisha. Anasema mwenye shida anyooshe mkono. Nikasimama nyuma, nikingoja anione. Sijazoea kusema kabla sijaulizwa. Stuli moja ikageuka, ikanitazama, ikawaambia wenzake kwamba huyu hana swali. Wakaendelea kujumlisha.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Niliporudi, Bibi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa amekiegemeza kwenye tendegu la kitanda chake mwenyewe. Nikapiga magoti mchagoni, nikaanza kulitafuna fundo. Katani ni chungu. Uzi unakatika, natema, nauma mwingine.

"Taratibu," Bibi ananiambia. "Ukibaki kibogoyo, nani atakuoa? Na mume wangu simtoi."

Ukabaki uzi mmoja. Nikauma. Hapo bawabu akanigusa bega, akasema wanafunga. Nikataka kumkumbusha kwamba kugusa hakuruhusiwi, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mikono yangu ilikuwepo yote miwili, imekufa ganzi. Nikalala tena, nikafumba macho kwa nguvu ili nimwone Bibi akipanda kitandani. Usingizi haukuja.

Nikachukua kikombe cha maji, nikatoka uani kusukutua. Kati ya meno ya mbele palikuwa na kitu kinanichoma. Nikakivuta polepole kwa kucha.

Uzi wa katani, mweupe, mmoja.