Ndiyo kwa Zote

Jeremy, fundi wa kompyuta, alifika kwenye duka letu la uchapishaji mjini akiwa na miwani ya jua kichwani, na mvua inanyesha. Mzee Kuria, mwenye duka, alikuwa amemwita kutoka Kilimani kwa sababu kompyuta ya kuchapishia iligoma kuwaka. Ilisimama kwenye skrini nyeusi, ikingoja kuandikiwa amri.

"Hii ni kitu ndogo," Jeremy akasema. "Nyinyi mnaogopa skrini nyeusi kama mapepo."

Niliendelea na kazi yangu ya kukunja vijitabu vya mazishi. Kando yangu Wanjira alikuwa akingoja cha baba yake, wa kuzikwa kesho Dagoretti. Asubuhi hiyo Jamleck, kaka yake wa nyumba kubwa, ya mke wa kwanza, alikuja hapa akakubali, baada ya wiki nzima ya matusi, kwamba mama yake Wanjira aandikwe kijitabuni mke wa pili. Nakala ya kwanza ilimwita "rafiki wa familia". Amezaa watoto wanne, rafiki wa familia!

Kazi zote, pamoja na faili za kuwasha mashine, zilikuwa kwenye flashi moja. Kwetu nakala mpya na ya zamani huitwa jina moja, la marehemu. Ya zamani hutupwa kwenye folda ya Zamani.

"Faili ya kuwasha mashine imejificha hapa kwa Zamani," Jeremy akatangaza.

"Toa hiyo moja tu," Mzee Kuria akasema.

"Mzee, mimi sifanyi kazi moja moja. Nahamisha zote nje ya folda."

Mashine ikauliza kama ifute faili za nje zenye majina hayo hayo. Akabonyeza ndiyo kwa zote, bila kusoma, kama anayefukuza nzi. Akairudishia faili ya kuwashia jina lake la awali, na mashine ikawaka. Akageuka aone nani anapiga makofi.

Mzee Kuria akafungua kijitabu cha baba yake Wanjira kwenye skrini. Wanjira akasoma, akasimama.

"Rafiki wa familia?"

Nakala mpya haikuwepo tena. Ya zamani ilikuwa imeifuta na kukaa mahali pake.

"Si ni neno tu," Jeremy akasema. "Watu matangani huangalia picha."

"Na wewe mamako aliandikwa nini?" Wanjira akamuuliza. "Rafiki wa kompyuta?"

Akampigia Jamleck, akaweka simu kwenye spika, akamweleza kwamba nakala mpya imefutika. Jamleck akacheka.

"Kama hata mashine imemkataa, mimi ni nani? Wacha hivyo hivyo."

"Mashine haijamkataa mtu. Kuna fundi hapa amefuta. Jeremy, mwambie."

"Boss, kulikuwa na hitilafu kidogo ya mtambo..." Bwana mkubwa wa Kilimani sasa alilia kama paka mlangoni pa bucha. Jamleck akakata simu.

"Mzee, andika mke wa pili," Wanjira akasema. "Chapisha zote."

"Na Jamleck?"

"Alikubali hapa, ukisikia. Akitaka kukana, akane kesho mbele ya jeneza, mama akiwa ameketi hapo."

Mzee Kuria akaandika. Jeremy akajitolea kusaidia. Wanjira akamwambia asiguse kitu, hata swichi ya taa. Karatasi zikaanza kutoka, zingali moto. Nilikunja ya kwanza nikampa Wanjira. Akatafuta ukurasa wa mama yake, akasoma kwa sauti majina yake yote matatu, na neno "mke".

"Sawa," akaniambia. "Kunja hizo zingine."