Taa ya Mama Makini

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, Mzee Pasi, mpiga pasi, akiwa bado ananyoosha kola ya shati la kwanza. Simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya wanga ilitetema, na wenye mchezo wa simu wakatangaza: kesi zote za zamani ambazo hazijaisha zitafutwa leo, saa kumi na mbili jioni. Basi. Hawakuuliza mtu. Wakubwa hawaulizi, wanakata, na wewe utajijua.

Binti yake alipiga papo hapo, kutoka mji wa mbali anakouza katika duka la dawa. "Umeona, Baba? Kesi ya mkufu ndiyo imefika mwisho. Tuiache."

"Tuiache vipi? Mwizi yumo mle ndani anatucheka!"

Ni mchezo wa upelelezi, unachezwa mtandaoni kwa vikosi. Mkufu wa mgeni umeibwa hotelini usiku umeme ulipokatika, na washukiwa ni watano. Kikosi kinaruhusiwa kushtaki mara tatu. Mkikosea ya tatu, kikosi kinafutwa, viti na majina yote. Mkiiacha kesi kwa hiari, kikosi kinabaki, ila mwizi hamtamjua milele.

Na kiti cha kwanza cha kikosi chao kilikuwa cha marehemu mkewe. Mama Makini, ndivyo alivyojiita. Ndiye aliyeianza kesi hii na binti yao, akaicheza hadi wodini. Jioni moja alicheka pale kitandani, akasema, "Mwizi nimeshamjua. Nikitoka nitawaambia." Hakutoka. Mitungi ya oksijeni ilikuwepo stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa mkuu aliyekwenda semina. Mzee Pasi, aliyekuwa akiuita mchezo ule upuuzi wa watoto, akaingia kiti cha tatu. Alitaka naye amjue huyo aliyejulikana na mkewe.

Akamshtaki meneja wa hoteli. Akakosea. Akamshtaki mwenye hoteli. Akakosea tena.

"Wewe kila kesi ni bosi," binti alimwambia sasa. "Paka akila kuku, utamkamata diwani."

"Diwani hakosi kuhusika. Paka alifunguliwa mlango na nani?"

Binti akacheka, halafu sauti ikapungua. "Sikiliza, Baba. Tukikosea leo, jina la Mama linakwenda. Mimi asubuhi nikiamka nafungua kwanza nikione kile kiti. Siwezi kukipoteza kwa sababu wewe una hasira na mameneja."

Mzee Pasi akarudi kwenye mashati. Akanyoosha, akanyunyiza maji, akakunja, akatundika, na kila akitua pasi alikuwa ndani ya hoteli ile tena, akipekua. Jikoni, hamna. Ofisini kwa meneja, hamna, ingawa roho yake ilikataa katakata. Kila mpelelezi hupewa taa moja ya kuweka kwenye chumba anachokishuku. Ya Mama Makini ilikuwa bado inawaka mahali ilipowaka siku zote: chumba cha kupigia pasi.

"Ile alikuwa anakutania," binti alishamweleza zamani. "Alisema, 'Naiweka hapa kwa baba yako, maskini, asiunguze mashati ya watu.'"

Basi alikuwa akiupita mlango ule na kutabasamu tu.

Jua lilipoanza kuinama binti alipiga tena. "Muda unakwisha, Baba. Nabonyeza 'Acha Kesi'?"

"Ngoja nimalize mkono huu."

Pu! Taa ya chumbani mwake ikazimika.

"Watu wa umeme, laana iwafuate!" Shati lilikuwa mezani, mkono mmoja umenyooka, mwingine una makunyanzi kama uso wake. Akaisukuma pasi kwa hasira, mara moja, mara mbili. Ikaanza kupoa na kukwama. Makunyanzi hayakuhama. Akasimama, mdomo wazi.

"Yule mpiga pasi alisema nini?"

"Yupi?"

"Wa hotelini! Nisomee maneno yake, upesi!"

Binti akasoma. "'Mkufu ulipoibwa mimi nilikuwa nanyoosha mashuka. Sikutoka chumbani mpaka umeme uliporudi.'"

"Alinyoosha kwa pasi gani?"

Binti akakuza picha. "Iko mezani... ina waya. Waya umechomekwa ukutani. Baba! Pasi ya umeme!"

"Na umeme haukuwepo!" Mzee Pasi alipiga meza, chupa ya wanga ikaruka. "Alinyoosha kwa nini, kwa pumzi?"

Wakapiga kelele wote wawili, kila mmoja katika mji wake.

"Lakini Baba, kazi yako ndiyo hiyo hiyo! Miezi yote hukumwona?"

"Sikumtazama," alisema, akashusha sauti. "Nilijua ni mwenzetu."

Dakika zilikuwa zinayeyuka. Betri ya simu imekuwa nyekundu. Kidole cha Mzee Pasi kilisimama kati ya vibonye viwili, "Acha Kesi" na "Shtaki". Katika picha, mpiga pasi yule alikuwa na kovu la kuungua karibu na kifundo cha mkono. Mzee Pasi alitazama lake.

"Bado tunaweza kuiacha," binti alinong'ona. "Hakuna atakayetulaumu."

"Unasemaje wewe?"

"Moyo unanitoka, Baba. Bonyeza."

Akabonyeza.

Duara likazunguka, likazunguka, kisha simu ikalia kengele na mkufu ukatokea chini ya rundo la mashuka. Kule dukani binti alipiga kigelegele, mteja mmoja akauliza kama dawa zimeanza kugawiwa bure. Mzee Pasi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Viti vitatu vilikuwepo, vyote.

Kisha mchezo ukauliza: nani alimjua kwanza? Nyota ya kumpa ilikuwa moja tu.

"Bonyeza kiti chako, Baba. Umemnasa wewe."

"Taa aliiweka mama yako."

"Si nimekwambia alikuwa anatania?"

"Alipokwambia, alikuwa anacheka?"

Mashati yalining'inia kimya katika chumba cheusi, pasi imepoa kabisa juu ya mkono wa shati usionyooka. Mwanga pekee ulikuwa ule wa kioo cha simu, na ndani yake taa ndogo ikiendelea kuwaka, na maneno chini yake yakisubiri: Nani alimjua kwanza?