Miguu ya Upande wa Pili

Uthmani aliuawa barabarani kati ya Muyinga na Gitega, basi alilopanda lilipovamiwa asubuhi, na mkewe Zaituni hakulia. Wanawake wa mtaa walimshika mabega, wakamsihi alie. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwasha jiko. Matanga yalipokwisha alirudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio pale Gitega. Siku zikapita bila kumgusa.

Mama mkwe wake, Bi Salama, akamwita Muyinga. Uthmani alikuwa akifundisha huko, na vitu vyake bado vilikuwa chumbani. Zaituni alisafiri katika msafara uliosindikizwa na askari. Walipopita pale alipouawa, abiria wote waliinamisha vichwa. Yeye alitazama migomba.

"Mi sikugusa kitu," Bi Salama alisema akifungua mlango. "Iko vile aliacha."

Mezani, kando ya ubao wenye matundu na nyaya, palikuwa na kibao kidogo cha kijani. Zaituni alikijua. Mume na mke walikuwa wakijiundia redio yao wenyewe, kwa kujifurahisha tu. Riaz, mwenye duka Gitega, aliwaagizia chipu ya kunasa mawimbi, ikaja ya aina mpya, ndogo kuliko ukucha, miguu yake imebanana hata haiingii kwenye matundu ya ubao wao. Ndipo wakatafuta kibao cha katikati: chipu inalehemiwa juu yake, nacho kinatoa miguu mipana. Uthmani alikuwa amelehemu upande mmoja. Wa pili ulikuwa bado.

"Iko nini hii?"

"Sikio la redio, mama. Hakumaliza."

"Alors, basi malizia we."

Zaituni akapasha moto chuma cha kulehemu, akainama juu ya lenzi. Risasi ya kulehemia iliyeyuka, ikamwagika na kuunganisha miguu miwili isiyopaswa kugusana. Zamani angefoka, na Uthmani angecheka. Alisubiri hasira ije, haikuja. Akalaza utambi wa shaba juu ya risasi, akaugusa kwa chuma, utambi ukanyonya iliyozidi. Akaendelea mguu kwa mguu hadi mwisho, akapachika kibao ubaoni, akaunga betri.

Redio ikakwaruza, kisha mtu akasikika akisoma salamu za wasikilizaji kwa Kirundi.

Bi Salama akaangua kilio. Zaituni alimkumbatia. Chini ya kiganja chake aliisikia mifupa ya mgongo wa mama yule, myembamba, ikitikisika.

"Na we mbona haulii, mwanangu?"

"Sijui, mama. Niko kama mkono uliolaliwa."

"Bon. Utakaa hapa na mi mpaka uamke."

Akakaa. Meza ilihamishiwa barazani, na watu wa vijiji vya Gashoho wakija mjini wakawa wanamletea redio zao. Kilio kilikuja baadaye sana, siku isiyo na jambo lolote, akimenya ndizi za mchana. Bi Salama alimtoa kisu mkononi taratibu, akamalizia kumenya.