Mashine Isiyo na Injini

Tangu walipohama Kasulo, Louise hakutaka jembe liguse ardhi ya kiwanja chao kipya. Hakulima mahindi wala matembele. Alipanda nyasi kutoka mlangoni hadi ukutani, shina kwa shina, mpaka pote pakawa kijani. Mumewe, Edouard, hakumuuliza sababu. Mtoto wao Mechack alikuwa amefia ndani ya shimo walilolichimba wenyewe chini ya sebule ya nyumba yao ya Kasulo, wakitafuta kobalti.

Mvua za Desemba zilipokolea, nyasi zikafika magotini, na Louise akaanza kuhofia nyoka.

"Tata Mechack, utafute mashine ya kukata," alisema. Bado alimwita hivyo, Baba Mechack.

Edouard akaenda mjini, dukani kwa Stany, muuzaji mwenye maneno mengi na mikono safi.

"Kiwanja yako iko namna gani, tata? Iko sawasawa ao iko na mulima?"

"Iko sawasawa. Hatua makumi tatu, kwa makumi mbili."

"Na majani?"

"Marefu."

"Basi uache hii ya kusukuma na mikono. Inafaa kwa kiwanja kidogo, kama majani iko mafupi. Ya kuriyani nayo, umeme yenyewe inakatikakatika. Ukamate ya esansi."

Stany akavuta kamba ya mashine ya petroli. Injini ikanguruma, na Edouard akatikisa kichwa kukubali. Halafu Stany akaizima.

Katika kile kimya kilichofuata, Edouard alishika meza. Jasho likamtoka. Stany akamletea kiti, akamuuliza kama ana malaria.

"Nipe ya mikono," Edouard alisema.

Kukata kulimchukua siku nzima. Alifyeka kwanza kwa panga, kisha akasukuma, na kila hatua chache visu vikakwama. Louise alimtazama kutoka mlangoni, mwishowe akamfuata.

"Juu ya nini haukuleta ya esansi? Makuta ya kuinunua ilitosha."

Angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa amechoka, na mikono ilikuwa imechubuka.

"Siku ile, mi njo nilikuwa nachunga mashine ya kupuliza hewa mu shimo," alisema. "Haikuharibika vile nilikuambia. Esansi iliisha. Nilisahau kuangalia."

Louise akakaa chini, palepale kwenye nyasi zilizokatwa.

"Alikuita?"

"Mara moja."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia, 'Nakuja.' Nikakimbia kutafuta esansi. Nikakawia."

Louise hakulia. Aliingia ndani, akafunga nguo kwenye kitenge, na kesho yake asubuhi akaenda Mutshatsha kwa dada yake, Ndaya. Hakusema atarudi lini.

Kila Jumamosi Edouard alikata nyasi peke yake. Majirani walimwambia anunue mbuzi, wakacheka. Alikula ugali mkavu, akalala upande wake wa kitanda tu. Hakupiga simu, hakujua aanzie wapi.

Wiki ya tano, mchana, lango likafunguka. Louise alikuwa amekonda. Aliweka furushi lake chini, akatembeza macho kiwanja kizima.

"Pale kwa ukuta haukukata."

"Mashine haifiki."

Louise akaenda ukutani, akachuchumaa, akaanza kung'oa nyasi kwa vidole, taratibu, asije akaichimbua ardhi. Edouard akaenda mwisho wa pili wa ukuta uleule, mbali naye, akachuchumaa pia.