Meno ya Mukiri

Mwalimu Munyi wa Runyenjes aliniambia wazi kwamba bila karatasi ya bima farasi wangu hatakanyaga uwanja wa kanisa, na binti yake ataletwa kwa gari kama maharusi wengine. Alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti yake mwenyewe, na alizoea kuongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa gwaride. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi, si ile ya kesho kutwa, ile ya wiki inayofuata.

Nilimwambia ataipata. Sikuwa na wasiwasi. Nimetembea na farasi huyu kutoka Ruiri mpaka Embu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikibeba maharusi, nikipigisha watoto picha kwenye maonyesho ya kilimo, na hajawahi kumwangusha mtu. Lakini nilielewa jambo moja. Kama kanisa la Runyenjes likianza kudai karatasi, Chuka watadai, Embu mjini watadai, na mimi nitabaki sina kazi ya barabarani. Dada yangu Ciakuthii alikuwa ameshanijengea chumba kule Ruiri nyuma ya zizi la mbuzi, ameweka kitanda na pazia, na kila nikimpigia simu anauliza nakuja lini kukaa. Ninampenda dada yangu. Lakini mimi tangu niache kazi ya ranchi sijalala mahali pamoja miezi sita mfululizo, na nikiwekwa chumbani nitakufa kabla ya mbuzi.

Basi kesho yake asubuhi nilikuwa Embu mjini.

Kampuni ya kwanza ilikuwa ghorofani, na chini kulikuwa na duka la simu. Nilimfunga Mukiri kwenye mlingoti wa umeme, watu wakajaa. Mukiri ndiye farasi; kwa Kimeru maana yake ni mtu mkimya. Wameru wananiuliza kwa nini nimempa mnyama jina la mtu, nami nawajibu wanionyeshe mtu mnyamavu kuliko yeye.

Ajenti aliitwa Misheck, kijana wa viatu vyenye ncha, mwenye adabu. Aliniita mzee wangu, akaniagizia chai. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kalenda ya kampuni yenye picha ya farasi anakimbia ufuoni, kwa hivyo nikadhani nimefika kwa wenyewe. Kumbe hajawahi kumgusa farasi. Alichukua fomu ya pikipiki na akaniuliza kama mnyama ana logbuku, kile kitabu cha umiliki wa gari. Nikamwambia hana. Akauliza kama ana namba. Nikamwambia hana, ana jina.

"Stika ya bima nayo nitaibandika wapi, mzee wangu?"

"Mahali ambapo wewe mwenyewe ungekubali ubandikwe," nikamwambia. Wasichana wa ofisi wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Alicheka pia, halafu akatafuta fomu nyingine, ya mifugo. Hiyo ilikuwa nzuri zaidi. Ilisema farasi akifa kampuni italipa, akiibwa italipa, akimuumiza mtu italipa. Misheck aliijaza haraka haraka bila hata kuchungulia dirishani. Rangi, kahawia. Alama, akaandika miguu minne. Alipofika kwenye umri akaniuliza, nikamwambia kumi na tisa. Nilimwona akizaliwa, mama yake akafa wiki hiyo hiyo, na ranchi ilipouzwa waliniachia yeye kwa sababu hakuna aliyetaka kumlea kwa chupa.

Misheck akaweka kalamu chini. Akaniambia taratibu kwamba kampuni haichukui mnyama wa zaidi ya miaka kumi na tano. Kisha akaichukua tena kalamu, akaandika kumi.

"Nani atajua?" akasema.

Nitakuwa mkweli, nilifurahi. Karatasi ilikuwa pale, ina muhuri mkubwa wa rangi ya zambarau, na ningekuwa Runyenjes kabla ya jua kuzama. Nilishika kalamu. Lakini mimi nimefungua midomo ya farasi tangu nikiwa na miaka kumi na nne. Farasi hana cheti cha kuzaliwa, ana meno. Akiwa mdogo meno yake ya mbele yanasimama wima, na ndani yake mna vishimo. Kila mwaka vishimo vinafutika kidogo, jino linarefuka na kulala kwenda mbele, mpaka akizeeka unaona mdomo umechongoka. Mtu anayejua hahitaji kumuuliza mwenye farasi.

Nikamuuliza Misheck, siku Mukiri akimpiga mtu teke, nani atakuja kumwangalia kabla kampuni haijalipa. Akasema daktari wa mifugo wa kampuni.

"Atamfungua mdomo?"

Misheck akageukia ukuta. Akaangalia kalenda.

Nilimrudishia kalamu, nikamshukuru kwa chai. Alinisindikiza mpaka ngazini akisema nafikiria sana, ati watu wote huandika hivyo. Huenda. Lakini kulipia karatasi ambayo itanikana siku ninayoihitaji, hiyo ni kama kumlipa mlinzi ambaye anamwogopa mwizi. Afadhali nisiwe naye, nijue nalala peke yangu.

Chini, mtu wa duka la simu aliyesikia shida yangu aliniambia Kianjokoma kuna mama anayeandikia ng'ombe bima, chumba kimoja kando ya duka la dawa za mifugo. Tulipanda polepole, tukafika mchana. Aliitwa Wambeti, alikuwa amevaa gamboti zenye matope, ametoka kumwangalia ng'ombe wa mtu. Fomu yake nayo ilikuwa ya ng'ombe tupu. Swali la kwanza lilikuwa anatoa lita ngapi kwa siku. La pili, namba ya hereni ya sikio.

"Guka, huyu hatoi maziwa," akasema, akiniita babu kwa lugha ya kwao, kabla sijafungua mdomo, akakata maswali yote mawili kwa kalamu. Kisha akatoka nje.

Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Hakumwendea Mukiri kutoka nyuma, wala kutoka mbele moja kwa moja. Alimwendea kwa bega, akamwacha amnuse mkono, akaingiza kidole gumba pembeni ya mdomo mahali pasipo na meno, na Mukiri akafungua kama mtu anayepewa sakramenti. Wambeti akachungulia muda mrefu.

"Kumi na nane," akasema. "Au umenificha mmoja."

"Kumi na tisa."

Akajifuta mkono kwenye koti. Akaniambia bila kuzungukazunguka kwamba kampuni yake haitalipia kifo cha farasi huyu, wala ugonjwa, na mtu yeyote atakayeniahidi hivyo ananidanganya. Lakini ipo bima ya kulipia mtu mwingine atakayeumizwa naye, na hiyo haijali umri, inajali tabia, mradi mimi mwenyewe nishike hatamu na asibebe zaidi ya mtu mmoja. Akauliza kama inanitosha.

Nilimwambia inanitosha kabisa. Mukiri akifa hakuna hela itakayoninunulia mwingine kama yeye, na mimi siitaki. Nimechagua watu wengi wa kufanya nao kazi maishani, na huyu nilimchagua haraka kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyeanza kwa kunikatalia. Aliandika kumi na tisa, kwa tarakimu na kwa maneno, akapeleka fomu makao makuu. Jumanne karatasi ikarudi.

Jumatano nikaiweka mbele ya kamati, chini ya turubai nje ya kanisa. Mwalimu Munyi aliisoma yote, mbele na nyuma, akisogeza kidole. Alipofika katikati kidole kikasimama.

"Kumi na tisa," akasema. "Huyu farasi ni mzee."

Mweka hazina, Njagi, akauliza farasi huishi miaka mingapi. Mama mmoja akasema hataki kuona bibi harusi akianguka na babu. Wakaanza kuongea wote pamoja, na nikaona Jumamosi yangu inaondoka. Ningeandika kumi hakuna ambaye angeuliza. Hilo nililijua nikiwa nimesimama pale, na bado sikujuta.

"Mwalimu," nikasema, "karatasi hii inakulipa wewe ukiumia. Panda."

Akasema yeye hapandi wanyama. Njagi akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini sana, kwamba mwalimu aliwahi kuogopa hata punda wa shule. Basi hapo hakuwa na njia. Nikamletea kiti, akapanda na suti yake, akashika tandiko kwa mikono miwili huku amefumba macho. Nikashika hatamu, tukazunguka kanisa. Upande wa barabara lori la majani chai likapita, dereva alipoona mwalimu mkuu wake wa zamani juu ya farasi akabonyeza honi mpaka mbwa wakabweka. Mukiri akageuza sikio moja. Basi.

Mwalimu akafumbua macho. Tulipofika kwenye turubai nilisimama, nikasogeza kiti. Hakushuka. Alikuwa akitazama juu ya ua, juu ya mabati ya soko, mpaka kwenye mashamba ya kahawa, kama mtu ambaye amekaa mahali miaka arobaini na ndiyo kwanza anapaona.

Njagi akamwambia ashuke, kamati iendelee.

"Endeleeni," mwalimu akasema. "Hilo la farasi limepita. Ajenda inayofuata ni chakula. Nawasikia vizuri kutoka hapa."